Nyumba Iliyoipa Barabara Ubavu

Mliponiaga mwezi uliopita, baada ya soda na zile hotuba, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Aliuliza, "Madam, hizi nyumba zisizo na joto mlianzaje?" Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, nikamwambia tulianza kwa kukosea. Jibu lilikuwa la kweli ila fupi mno. Sasa nina muda, nina meza yangu mwenyewe nyumbani, na nimeona niwaandikie ninyi mliobaki na mafaili yangu kabla kumbukumbu hazijaanza kunipendelea.

Nilihamishiwa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mchoraji ramani wa majengo. Mimi ni mtoto wa Lugari, nimezaliwa kwenye mahindi na upepo, na kabla ya uhamisho huo nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kule milimani ambako watu huwasha makaa ndani ndipo walale. Siku ya kwanza Bwana Ambani, mkuu wa ofisi, alinionyesha meza yangu, akanionyesha msumari wa kutundikia koti, kisha akanipa faili nene.

"Hizi ndizo ramani za nyumba za wafanyakazi tunazojenga upande wa Mumias," akasema. "Zimeshajaribiwa. Kazi yako ni kunakili tu."

Nilifungua ramani ya kwanza nikauona mwandiko wangu. Niliichora mwenyewe kule milimani nikiwa nimevaa sweta mbili: madirisha madogo, mabati yaliyokatwa karibu kabisa na ukuta, na sebule inayotazama magharibi ili ishike jua la jioni. Sikumwambia kitu. Kusema kweli, nilijivuna kuona kazi yangu imefika mbali hivyo.

Majivuno hayo yalidumu wiki mbili. Nilitumwa Matungu kukagua nyufa katika nyumba ya muuguzi wa zahanati, iliyojengwa kwa ramani ileile. Nilifika saa nane mchana, mwezi wa Januari, wakati ambapo hata majani ya miwa hujikunja. Muuguzi alinifungulia akiwa na leso iliyoloweshwa maji mabegani. Nilipiga hatua tatu ndani, nikarudi mlangoni kuvuta pumzi. Juu yetu mabati yalikuwa yakilia ta, ta, ta, kama bisi kwenye sufuria.

"Nyufa sijui," akasema. "Mimi nafanyanga zamu ya usiku, Madam. Mchana ndio nalalanga. Sasa nilale wapi? Ona hata mshumaa."

Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na mshumaa mzima, haujawahi kuwashwa, umeinama mpaka utambi unagusa saruji.

"Mkipata yule mtu alichora hii nyumba," akaendelea, "mwambieni akuje alale hapa siku moja tu."

Nikamwambia ni mimi. Hakucheka. Alivuta kiti, akakiweka katikati ya sebule, akasema, "Basi kaa."

Nilikaa saa nzima. Nimehudhuria mafunzo mengi katika kazi hii, mengine kwenye hoteli zenye chai ya saa nne na ya saa kumi, lakini hakuna lililonifundisha kama kiti kile. Niliporudi ofisini nyufa nilizisahau kabisa, na fomu ya ukaguzi ilirudi tupu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Buyangu, ukingoni mwa msitu, kupima nyumba za askari wa misitu. Kiu ilinishika nikaomba maji kwa bibi mmoja aliyeitwa Kukhu Rasoa. Kukhu, yaani bibi, alikuwa na nyumba ya udongo na nyasi, na alikuwa amekandika nyumba za watu tangu ujana wake. Niliingia saa sita na nusu, jua limesimama wima, nikahisi kama nimetiwa mkono wa ubaridi shingoni.

"Kukhu, mbona humu ndani kuna baridi hivi?"

"Ni nyumba," akajibu, akinishangaa. "Kwani yenu ikonga namna gani?"

Nilimweleza. Alinishika mkono akauweka kwenye unene wa ukuta pale mlangoni. Ulitoka kwenye kiganja changu hadi karibu na kiwiko. Kisha akanyoosha kidole juu, pale ukuta ulipokoma na paa kuanza. Kulikuwa na mwanya mwembamba kuzunguka nyumba nzima.

"Hapa ndipo nyumba inapumulianga. Nyinyi watu wa ofisi mnazibanga hapa na simiti, harafu mnasema jua ni kali."

Nilirudi kwake Jumamosi nne mfululizo, kwa nauli yangu. Alinifundisha kukanda udongo, kuuchanganya na samadi na majivu, na kuupaka kwa kiganja kizima. Nilipopaka kwa vidole alibandua kazi yangu yote akaitupa kwenye ndoo. "Umekwaruza," akasema. "Unapaka ama unaparuza?" Katika utumishi wangu wote hakuna mkaguzi aliyewahi kunikagua vile.

Ofisini niliazima vipimajoto viwili. Kimoja nikakitundika kwa muuguzi, kingine kwa Kukhu Rasoa, na kila mmoja akakubali kuniandikia kila mchana (Kukhu aliandikiwa na mkwe wake). Nilipompelekea Bwana Ambani daftari, alisema kimoja kimeharibika, nivibadilishe. Nikavibadilisha. Kikaharibika kile kingine: kila kilichokaa kwa muuguzi kilipanda juu. Aliangalia daftari kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba Buyangu ni msituni, miti ni mingi, na kwamba hatuwezi kumjengea mfanyakazi wa serikali nyumba ya nyasi. Hoja zote mbili zilikuwa za haki, na ndiyo sababu zilinikera.

Ndipo ilipofika mashine ya matofali. Ninyi mmeikuta stoo imepakwa rangi mpya. Wakati ule ilikuwa chuma kitupu chenye mpini mrefu. Unatia udongo mwekundu uliochekechwa, unatia saruji kidogo, unaweka maji ya kulainisha tu, kisha watu wawili wanaung'ang'ania mpini hadi udongo ushindiliwe. Tofali halichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili yake. Linafunikwa kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji mwezi mzima hadi liwe gumu. Nilipoliinua la kwanza nikaliona zito na nene, nilimkumbuka Kukhu Rasoa. Huu ndio ukuta wake, nikajisemea, ila umevaa nguo za ofisi.

Nyumba yetu ya kwanza ya matofali hayo tuliijenga Musanda, kwa Mwalimu Pamela, mwanamke mpole aliyefundisha darasa la kwanza. Nikaikosea. Mabati yalifika mafupi kuliko nilivyoagiza, na badala ya kusubiri mengine, nikawaambia mafundi wapunguze upenu, lile paa linalotokeza nje ya ukuta. Nilitaka nyumba iishe kabla ya masika. Ikaisha. Mvua ya pili ilipiga kwa ubavu kutoka kusini, ikaukuta ukuta hauna kofia, na katika wiki tatu matofali ya chini yakalainika, kona ikakaa kama mkate ulioloweshwa chai.

Mwalimu Pamela alikuwa amehamisha kitanda hadi upande wa pili. Hakupaza sauti.

"Madam," akasema, "watu walinicheka kwamba najenga na udongo tena, kama zamani. Mimi sikuamini udongo. Niliamini wewe."

Maneno yale nimeyabeba mpaka leo. Nilimwandikia Bwana Ambani ripoti, nikaandika wazi kwamba kosa ni langu, si la fundi wala la udongo. Kisha nikaomba likizo yangu ya mwaka, nikaitumia yote Musanda. Tuliegemeza paa kwa magogo, tukaubomoa ukuta, tukajenga msingi wa mawe uliofika magotini, tukarudisha matofali juu yake, tukashusha upenu wa mkono mzima. Fundi mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua likizo naitumia namna hii. Nikamwambia anajua, na ndiye aliyenifungia chakula.

Bwana Ambani aliniita niliporudi. "Nakupa nyumba moja," akasema. "Moja. Ikiharibika, mashine inarudi stoo, na wewe unarudi kunakili."

Nyumba hiyo moja ilikuwa ya Mzee Makokha, mkulima wa miwa wa Matungu. Tulikubaliana yeye atoe udongo, mchanga na vibarua, sisi tutoe mashine, ramani na mabati, na majirani waruhusiwe kuja kutazama. Shamba lake lilikuwa kando ya barabara inayopita kutoka kaskazini kwenda kusini, barabara upande wa magharibi. Nilichora nyumba ndefu, nyembamba, kuta zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini ambako jua halipigi sana, na kuta zake fupi zikiangalia macheo na machweo. Dari la mikeka ya mafunjo, matundu ya hewa chini ya paa, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Nilipiga vigingi mwenyewe nikafunga kamba.

Niliporudi baada ya siku nne, mtaro wa msingi ulikuwa umechimbwa, umenyooka, umepimwa vizuri kwa pima maji. Ila nyumba nzima ilikuwa imegeuzwa. Ilitazama barabara, yaani ilitazama jua la alasiri uso kwa uso.

Mafundi waliangalia viatu vyao. Mzee Makokha alitoka akiwa amevaa kofia yake nzuri, akaeleza bila kuficha.

"Ni mimi nilisogeza. Madam, mimi nimekata miwa ya watu miaka mingi. Nilikuwa napitanga mbele ya nyumba zao na panga mkononi, naangalia milango yao, madirisha yao. Sasa nimepata yangu. Na mimi nataka watu wapite mbele yake. Wewe unaniambia niwape ubavu?"

Nilikuwa na daftari la joto mkobani. Nilikuwa na mchoro wa jua. Vyote havikumjibu mtu yule, na nilijua. Nikasema maneno machache kuhusu magharibi, akaniitikia kwa heshima, na hakubadilisha kitu. Nilikuwa tayari nimeshawaza barua nitakayomwandikia Bwana Ambani kwamba nyumba imenishinda.

Mkewe, Mama Felistas, alikuwa akianua nguo. Alinisindikiza hadi njiani.

"Jumapili ukuje ule chakula kwetu," akasema. "Saa nane. Usichelewe na usiwahi."

Nilikwenda. Alikuwa amewaalika pia wazee wawili wa kanisa, marafiki wa mumewe, wote wakiwa na koti na tai. Meza ilikuwa imeandaliwa katika nyumba yao ya wakati ule, ya mabati juu na kuta za saruji, iliyotazama barabara kama Mzee alivyopenda. Jua la Februari lilikuwa linaingia mlangoni moja kwa moja, limelala mezani kama mgeni wa nne. Mama Felistas alileta obusuma, ugali wetu, unaofuka moshi, na ingokho, kuku wa kienyeji, katika mchuzi unaochemka bado, na chai juu yake. Kisha akafunga dirisha moja, akasema vumbi la malori ni jingi.

Mzee wa kwanza alivua koti kabla sala haijaisha. Wa pili alivua tai, akaitumia kufuta uso. Matone yalianguka kwenye sahani. Mzee Makokha alijikaza, kofia kichwani, akizungumza habari za bei ya mbolea, mpaka sauti yake ikaanza kukatika. Hatimaye mzee wa pili akainua sahani yake, akasema anatoka nje kidogo. Tukamfuata na viti. Mbele ya nyumba hapakuwa na kivuli hata cha kuficha mguu. Tukazunguka. Tulizunguka nyumba nzima, sahani mikononi, viti vikituning'inia, mpaka tukajikuta kwenye mlango wa jikoni kwa Mama Felistas.

Jiko lake lilikuwa la udongo na nyasi, mlango kaskazini, na mwanya kuzunguka paa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, anakula, mkavu kabisa.

"Karibuni," akasema, akawasogeza kuku kwa mguu.

Wanaume watatu waliinama wakaingia jikoni, jambo ambalo nadhani halikuwa limewahi kutokea katika boma lile. Wakaketi. Walikuwa wanapoa. Kisha Mama Felistas akasema taratibu, bila kumwangalia mumewe:

"Baba Felistas, unataka watu wa barabara waone nyumba. Ni sawa, umefanya kazi. Lakini hao wanapitanga tu. Mimi ndio nakaanga ndani."

Mzee wa kwanza alikohoa. Mzee Makokha aliivua kofia, akaiweka kwenye goti. Nilitazama sakafu, maana niliona macho yake na sikutaka ajue nimeyaona.

"Sasa barabara itaona nini?" akaniuliza mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ukuta mtupu?"

Hapo ndipo nilipoelewa swali lake, na ninyi mlikumbuke: hakuwa amekosea kutaka kuonekana. Mimi ndiye niliyekuwa nimemchorea ukuta mtupu. Niliokota kipande cha mkaa nikachora pale sakafuni. Kwenye ule ukuta mfupi wa magharibi nikaongeza baraza, paa lake likishuka chini kuzuia jua la jioni, nguzo nne, sakafu nyekundu ya kung'aa, na mlango wa wageni katikati. Mbele ya nguzo, mmea wa matunda ya pasheni utambae. Asubuhi pale patakuwa na kivuli na Mzee atakaa awasalimu wapita njia. Alasiri baraza lenyewe litakuwa ngao ya nyumba nzima.

Aliuangalia mchoro. Akauzunguka akauangalia upande wa pili. Kisha akanyoosha mkono kwenye bakuli, akachukua imondo, firigisi ya kuku. Huku kwetu hiyo ni ya mwenye boma, na katika ujana wangu mwanamke hata kuitazama sana hakuruhusiwa. Akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, Fundi," akasema.

Hakuniita Madam tena. Jumatatu alikuwa wa kwanza mtaroni, na jembe lake, kuufukia.

Masika ya mwaka ule yalikuta paa limeshapigwa, yakaanza kwa mvua ya mawe. Ilipiga alasiri nzima nikiwa ofisini, nikisikia mabati ya mji mzima yakipigwa, na sikuweza kuchora hata mstari mmoja. Asubuhi nilikodi baiskeli kutoka stendi ya Mumias, nikafika nikiwa na matope hadi kiunoni. Miwa ilikuwa imelala. Mzee Makokha alikuwa amesimama kando ya ukuta wa kusini, kiganja chake kikiwa juu ya tofali la chini kabisa, juu ya mawe ya msingi.

"Gusa," akasema.

Nikagusa. Lilikuwa kavu. Nilizunguka kona zote nne nikigusa, na yeye akinifuata nyuma, akigusa nilipogusa.

Januari iliyofuata Bwana Ambani alikuja kuifungua rasmi. Alihutubia juani akiwa amevaa suti, akavua koti katikati ya hotuba, akaingia ndani saa tisa alasiri akijipepea na karatasi zilezile za hotuba. Aliketi. Baada ya muda nikamwona akiangalia dari, akiangalia madirisha, kisha akachukua koti lake akalivaa tena.

"Ile nyumba ya muuguzi," akaniambia, "na zile nyingine za ramani ile. Andika barua, nitatia sahihi."

Zilikuwa nyumba nyingi, na kuzigeuza hatukuweza. Tulirefusha upenu, tukaweka madari ya mafunjo, tukatoboa matundu juu, tukaongeza baraza upande wa jua la jioni. Ya muuguzi tuliianza kwanza. Kazi ilipokamilika nilipita kwake mchana mmoja nikiwa na kipimajoto. Nilibisha mara mbili. Jirani akatoa kichwa dirishani, akaniambia kwa hasira, "Wewe mama, mwenyewe amelala!" Nikaondoka nikinyata. Kipimo sikuchukua, na kwenye fomu niliandika, "Mkaaji amelala." Fomu hiyo imo kwenye faili, msije mkaitupa.

Nyumba zilizofuata sitazisimulia moja moja. Nyingine zilitutesa kwa sababu ya udongo wenye mchanga mwingi, nyingine kwa sababu ya wenyewe. Lakini zilisimama, na polepole watu wakaanza kujenga bila kutuuliza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa natembea njia ya ndani, Musanda, nikaona mtu akiandaa kiwanja kando ya shamba la miwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini, timazi likining'inia mfukoni. Alikuwa amesimika kijiti ardhini na anafuata kivuli cha kijiti hicho kujua jua linakotua. Nilisogea nione.

"Mama, samahani, sogea," akasema. "Umekanyaga kivuli changu."

Nikasogea. Nikamuuliza kwa nini asiigeuze nyumba itazame barabara, pale pazuri hivi.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni. "Ukiigeuza huko, mwenye nyumba ataivanga humo ndani. Unaipa barabara ubavu, unaweka baraza. Upenu usikate, hata mabati yakija mafupi, ngojea mengine."

"Nani alikufundisha?"

"Anifundishe nani? Huku ndivyo tunajenganga."

Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile, na aliyenipa hakujua kama ananipa. Alifunga kamba kwenye kigingi chake, akaangalia huku na huku akitafuta wa kumsaidia, akanipa ncha ya pili.

"Nishikie hapo, Mama. Vuta. Usilegeze."

Nikaweka mkoba chini, nikavuta.